Mlivyoniharibia Raha ya Kuvutana Bei

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Fes. Mimi ni Zhor Sqalli, mke wa mstaafu wa posta na msomaji wenu wa miaka mingi. Majuzi ukurasa wenu wa familia ulitushauri tugeuze tunachokipenda kiwe biashara. Mimi sishoni, wala sioki keki. Ninachokipenda ni kuvutana bei sokoni. Basi nikawatangazia majirani: anayetaka kununua kitu anichukue nimpatanie bei, anipe ujira kidogo. Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yangu.

1. Mteja wa kwanza, jirani yangu Batoul, alitaka zulia. Bei ya zulia tuliimaliza kwa glasi moja ya chai. Ujira wangu tuliuvutania mpaka adhana ya alasiri, na mwishowe nikajikuta nimembebea zulia hadi kwake.

2. Hili ndilo linaloniuma. Kuna muuza vyombo vya shaba, Si Allal (kwetu "Si" ni Bwana, kama "Lalla" alivyo Bibi), nimegombana naye kwa raha miaka ishirini. Nikitaja bei hushika kichwa: "Lalla Zhor, unataka wanangu wale nyasi?" Nami humwambia, "Wanao nimewaona jana, wamenona kuliko kondoo wa Idi!" Siku niliyokwenda na mteja hakushika kichwa. Alitaja bei ya mwisho palepale, huku akiangalia pembeni. "Wewe sasa uko kazini, mama. Sitaki kukupotezea muda." Ndugu Mhariri, nililia njiani, sinia ya mtu kwapani.

3. Nyumbani nako nikaanza kulipa bei ninayotajiwa, maana nani hurudi na kazi nyumbani? Mume wangu aliponiona nimemlipa muuza samaki bila neno, alikimbilia simu. Jioni ileile binti yetu akafika kutoka Meknes, na daktari.

4. Kumbe hata Si Allal husoma gazeti lenu. Alhamisi alinifuata: "Wateja wako wananimaliza. Bora nikuajiri uniuzie." Nikakubali. Mara akaingia Batoul, anataka birika, na anataka mimi nimpatanie. Nikasimama upande huu wa meza nikataja bei. Nikazunguka upande wa pili nikaikataa. Nikarudi nikaapa kwamba birika ni la urithi, nikazunguka tena nikalitukana. Watu wakajaa mlangoni. Mwishowe nikatishia kuondoka, nikaondoka kweli, na nyuma ya meza hapakubaki mtu wa kuniita nirudi.

Aliyeniita ni Si Allal, akinikimbilia kandambili mkononi, machozi ya kicheko yakimtoka: "Rudi, dada! Rudi tugombane wenyewe!" Nikarudi. Biashara nimeifunga.

Kwa hiyo naomba ukurasa ule uchapwe na onyo, kama pakiti ya sigara. Na wewe mwenyewe uje Fes siku moja, nikupatanie bei bure kabisa, iwe fidia yangu.

Nisalimie wachapaji wote, na yule dada wa mapishi.

Wako mwenye uchungu,
Zhor Sqalli

Tanbihi: Barua hii nimemsomea Batoul, naye amenililia nimwandikie yake ya kumlalamikia mkwewe. Kusema kweli, kuandika nimekuona kutamu. Ukiwa na nafasi chini ya ukurasa, niwekee tangazo dogo: Barua za malalamiko zinaandikwa hapa. Bei ni maelewano.