Stiwadi wa Masufuria

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Shomari kaniita muosha masufuria mbele ya Frida wa mapokezi. Mimi! Kitambulisho changu kinasema stiwadi. Yeye naye ni stiwadi, ila hoteli imempa usimamizi na kichwa kimemvimba. Nimemeza hasira kwa ajili ya harusi tu. Likizo ya Desemba iko mikononi mwake, na baba yake Belinda, mchumba wangu, kasema kule Bukoba nisipotokea safari hii, binti anaolewa na mwalimu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepata silaha. Yupo mgeni, mzee wa Kiingereza, huja kuvuta sigara nyuma ya jiko. Kumbe anafundisha historia ya lugha. Kasema stiwadi ni neno la Kiingereza cha kale, lugha ya ukoo mmoja na Kijerumani. Maana yake mlinzi wa ukumbi. Baadaye akawa msimamizi wa nyumba ya mfalme. Kule Scotland ukoo wa mastiwadi ukatawala kabisa! Halafu cheo kikashuka, kikafika melini, kikaishia kwenye sinki langu. Nani alikishusha? Nimekasirika hadi nikavunja sahani.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda kwa meneja, Bwana Raed, kudai haki yangu. Nikamwambia stiwadi haoshi masufuria. Shomari akaitwa. Mnafiki yule, alikuwa keshamhoji mzee wangu! Akasema wapo wanaodai stiwadi alikuwa mlinzi wa banda la nguruwe. Nikasema mwongo mkubwa, aitwe mzee. Mzee akaja, akasema wataalamu hawalikubali dai hilo, ila banda na ukumbi, kwa lugha ile ya kale, ni maneno ndugu. Raed akacheka hadi akafuta machozi. Khalas, yaani basi kwa Kiarabu chao, akasema, Pius, ndiye mimi, ahamie kile chumba cha pembeni wanakopikia wageni nguruwe. Waislamu hawakigusi.

Jumapili, 12 Novemba

Wakristo wengine wa jikoni wote ni wapishi. Sina wa kunishikia zamu, na Krismasi wageni wa nguruwe ni wengi. Likizo imefutwa. Nimempigia Belinda. Hakugomba. Kasema amechoka kuningoja na nisimpigie tena. Nimelia peke yangu kwenye sinki.

Yote haya ni Shomari. Na leo kapewa kitambaa chekundu cha kufunga mkononi, eti yeye ndiye mashali wa moto, wa kututoa nje hoteli ikiungua. Nikamwendea mzee mbio. Kasema mashali, hapo mwanzo, alikuwa mtumishi wa farasi. Mtumishi wa farasi! Kesho kuna mkutano wa wafanyakazi wote na Raed atakuwepo. Nasimama wa kwanza kuwaambia.