Kigingi cha Nane

Sogeeni, enyi wa Adelphi na Wheaton, ninyi mliozoea foleni ya barabara ya Beltway na theluji ya Februari huku Marekani. Punguzeni sauti za simu, nyamazisheni watoto, msikie habari za Mwita, simba wa kamba, nyundo isiyochoka, aliyesimama peke yake siku ile hema lilipotaka kupaa mbinguni bila ruhusa ya mchungaji.

Zama za jangwani kabila la Lawi lilikuwa na koo tatu. Wakohathi walibeba vyombo vitakatifu mabegani, na watu wakawatazama. Wagershoni walibeba mapazia, na watu wakayasifu mapazia. Wana wa Merari wakapewa mbao, nguzo, kamba na vigingi, mzigo mzito hata wakaongezewa magari ya ng'ombe; lakini nani amewahi kukiimbia kigingi? Hakuna! Tangu siku hiyo mpaka leo, abebaye kinanda hupigiwa makofi, na abebaye nyundo huulizwa mbona amechelewa. Tunakumbuka. Hatujasahau hata Jumapili moja.

Basi Mchungaji Eliudi, aliyechunga Watanzania, Wakenya na Wakongo katika kanisa lisilo na jengo, aliwagawa watu wake kwa koo zizo hizo, maana kiangazi waliabudu chini ya hema kwenye bustani ya Wheaton. Leonard, mwenye suti ya bluu na mwendo wa bwana harusi, akawa mkuu wa Wakohathi. (Kinanda hakukibeba begani kama torati ilivyotaka, alikisukuma kwa kitoroli. Hilo nalo tunalikumbuka.) Mwita akawa mkuu wa Merari. Siku sita alisugua masufuria katika jiko la hoteli, ambako walimwita Mike. Siku ya saba alikuwa Mwita mwana wa Merari, na watu walimngoja yeye ndipo wapate pa kukaa.

Ndipo Leonard akatoa hoja: ukoo wa Merari uvunjwe, likodishwe hema la kampuni pamoja na vijana wake wa kulisimamisha. Kura ipigwe Jumapili baada ya ibada. Mwita akapinga katika kundi la WhatsApp kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Leonard akajibu kwa maandishi yaliyotikisa kaunti mbili: "Mwita aache vigingi. Tuna kazi ya Mungu."

Mwita akasoma. Akasoma tena. Amri ni amri. Akaviacha.

Jumapili, saa nne na robo, nguzo zimesimama, kamba nane zimening'inia, ghafla upepo ukatoka upande wa University Boulevard kama jeshi lililonyimwa mshahara. Hema likavimba, likang'oka mguu mmoja.

"Wueh!" akapiga kelele Nyaguthii wa kwaya. "Hema inafly! Mtu ashike kitu!"

"Mwita!" akanguruma Leonard. "Vigingi viko wapi?"

Mwita akajinyoosha. "Ewe mkuu wa Kohathi, uliamuru viachwe, navyo vimeachwa. Viko nyumbani kwangu Adelphi, kando ya viatu, vyote vinane, vimelala kwa utii."

"Nilimaanisha uache vikwazo, kaka! Ubishi! Hujui Kiswahili?"

"Uliandika vigingi. Kwetu sisi wana wa Merari neno hilo halina maana ya pili."

"Baba Safa," akasema mkewe Ghati kwa sauti ya chini, "hotuba baadaye. Hilo likianguka, kura wameshaipata."

Maneno hayo yakamchoma kuliko upepo. Akaona ukoo wake wote chini, na Mike akiishi siku saba. Akaruka! Kamba tatu akazifunga kwenye mialoni mitatu. Ya nne kwenye bampa la Corolla yake, gari la ng'ombe la siku hizi. Ya tano kwenye sanduku la soda. Ya sita akaibana kwa spika kubwa ya Wakohathi, nayo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikafanya kazi kimya. Ya saba kwenye sufuria la pilau. Ghati akafumba macho, akakubali. Ikabaki ya nane, na pembe ile haikuwa na kitu chochote kizito ila Leonard.

"Jifunge kiunoni, ishike kwa mikono miwili. Kaa chini."

"Mimi? Na suti hii?"

"Papa, kaa!" wakalia akina mama wa Kongo, wakishikilia vilemba.

Akakaa kwenye majani mabichi. Muda wa saa mbili na dakika arobaini alikaa. Kila alipojisahau akanyanyuka kusifu, paa lilicheza, na watoto wote wakapaza sauti: "Uncle Leonard, sit down!"

Ibada ikaisha, upepo haukuisha. Mchungaji akauliza, "Wanaotaka ukoo wa Merari uvunjwe, wainue mikono."

Macho yote yakamgeukia mwenye hoja. Leonard akaitazama kamba, iliyokaza mikononi mwake. Akalitazama paa, na chini yake mama yake mzazi, amekaa na sahani ya pilau.

"Mchungaji," akasema, "siwezi. Nimeshika."

Hapakuinuka mkono hata mmoja. Mwita akamwendea, akapiga goti mbele ya fundo, akalijaribu kwa kidole, kama afanyavyo kwa vigingi vyote.

Na katika daftari la vifaa la kanisa, ukurasa wa Jumapili ile, kwa mkono wa Mwita, dunia ipende isipende, pameandikwa: "Vigingi vinane. Cha nane kinaitwa Leonard. Kilishika."