Bafta ya Wanyamavu

Leo nimeadhirika, wenzangu. Nimechoka hata kuandika, shingo imekakamaa na vidole vinauma, lakini bora mulisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni. Na sokoni wameshaanza.

Munanijua. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, nashonea katika chumba cha uani nyumbani kwa Bibi yangu, Bi Asha. (Chumba bure, umeme bure, na maneno yake pia bure.) Sina kwengine pa kuiweka cherehani yangu. Na Ami Hamad, mtoto wa Bibi, mdogo wake marehemu baba, kazi ninayoishona siku hizi hataki hata kuisikia. Bibi katoka hospitali wiki iliyopita, Ami hajaja kumtazama, lakini simu ya kunigombeza kaipata. "Salma, nikisikia fujo moja tu katika nyumba ya mama yangu, cherehani hiyo naitoa nje."

Fujo yenyewe ni mchezo wetu. Kikundi chetu huwa tunakwenda kiwanjani kule Shumba, kila kundi linakuwa watu wa nchi ya kubuni, na tunaishi hivyo kutwa nzima. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Ukishavaa, wewe ni mtu wa nchi ile mpaka mchezo uishe. Wengine wamepewa kushona nguo za wafalme na maharamia, mambo ya kumetameta. Mimi nimepewa Wanyamavu.

Wanyamavu ni wachamungu kupindukia. Hawacheki. Hawaimbi. Hawavai rangi, hawatii chumvi katika chakula, na vioo wamevivunja vyote. Nilipomweleza Bibi, aliuliza, "Na watoto wanawapata vipi?"

Nami kwa ujuaji wangu nikataka vazi ambalo mtu akiliona tu, kimya. (Nimefanikiwa.) Kanzu nyeupe, nyembamba, toka shingoni mpaka vidole vya miguu. Kofia yake imeshikana na kanzu na inabana masikio. Vifungo hakuna, zipu hakuna, kwa sababu Mnyamavu hushonewa nguo mwilini asubuhi na kufumuliwa jioni. Mikono nimeiziba nchani kabisa, maana Mnyamavu hagusi cha mtu. Nilijiona nina akili hizo!

Basi leo asubuhi nikenda dukani kwa Mzee Khatib.

"Waalaykum salaam, mwanangu. Bi Asha hajambo? Tangu atoke hospitali sijamtia machoni."

Sasa, usiku Bibi alikohoa sana. Hakulala wala hakunilaza. Alfajiri ndipo usingizi ulipomchukua, na mimi nikatoka nyumbani macho mekundu. Nikajibu kwa uchovu wangu wote, "Usiku kahangaika sana, masikini. Sasa kapumzika."

Mzee Khatib akavua kofia. (Nikadhani joto.)

"Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema taratibu. "Haya, unataka nini, mwanangu?"

"Bafta nyeupe. Na pamba. Na ubani, na karafuu maiti."

Najua. Nyinyi mumeshafahamu. Kila mtu kafahamu isipokuwa mimi. Bafta ya kanzu. Pamba ya masikioni, maana Mnyamavu hataki kusikia maneno ya dunia. Ubani, kwa sababu wanaingia kiwanjani na moshi. Na karafuu maiti ya kabatini, mende wamenichosha.

"Ni leo leo?" akauliza.

"Leo leo. Nataka mpaka laasiri kila kitu kiwe tayari."

"Naam, kukawisha si vizuri. Na Hamad anajua?"

"Ami? Bado sijamwambia. Namuogopa."

"Niachie mimi. Nitamwambia mwenyewe, kwa utaratibu."

Nikafurahi! Nikajua mzee ataniombea kwa Ami. Tena nilipotaka kulipa akanirudisha mkono, akasema huo ndio mchango wake. Nikatoka pale nikijiambia, kumbe Mzee Khatib anapenda sanaa.

Nyumbani Bibi bado kalala. Nikakata, nikashona, na Mize, rafiki yangu wa nyumba ya pili, akaja kunishonea kanzu mwilini tuone inavyokaa. Akanipaka unga wa muhogo usoni (Mnyamavu hachomwi na jua), akanitia pamba masikioni, akamalizia mshono wa mgongoni. Ilikaa, wallahi. Ilikaa mpaka Mize mwenyewe akarudi nyuma.

Kisha mama yake akampigia simu. "Nakuja sasa hivi, usiende pahali," Mize akanambia, akatoka.

Niende wapi? Mikono imezibwa, miguu imebanwa. Mkasi nauona pale juu ya meza na siwezi kuushika. Nikaegemea ukuta, na kwa uchovu nilionao nikasinzia nimesimama.

Kilichonigutua ni sauti. Kwa mbali, kupitia pamba. Nikajisugua kichwa ukutani mpaka pamba ya sikio moja ikasogea, nikasikia: vilio. Tena si vya mbali. Vya hapa hapa, uani kwetu!

Nikaruka ruka mpaka dirishani, nikachungulia. Uani pametandikwa mikeka, wanawake wamejaa, kanga vichwani. Bibi! Mara nikaona kanga ya zambarau iliyochanika pembeni. Bibi huyo, kakaa nyuma kabisa, kajifunika uso, analia kuliko wote.

Alhamdulillahi, nikapumua. Kama Bibi analia, basi aliyekufa si yeye. (Na Bibi naye, kama nilivyokuja kuambiwa, kaamshwa na vilio, katoka kwa mlango wa nyuma, kakaa, kaanza kulia. Kuuliza nani kafa ni baadaye.)

"Psss! Bibi!" nikaita. Hakunisikia. Ila mimi nilimsikia Bi Subira, jirani yetu, aliyekaa chini ya dirisha.

"Mungu amrehemu Bi Asha," akamwambia mwenziwe. "Alikuwa mkali, lakini mtu wa watu. Na sufuria yangu kubwa iko kwake tangu maulidi. Sasa nitamuuliza nani?"

Mungu amrehemu nani?

Ndipo lilipoanza kuniingia, neno moja moja. Bafta ya sanda. Pamba ya maiti. Kapumzika. Yarabi! Na palepale ukumbini nikasikia mtu anakuja, na sauti ya Bi Riziki, ambaye kaosha maiti wa mtaa huu tangu mimi sijazaliwa: "Bafta mjukuu wake kaiweka chumba cha uani. Ngojeni niitwae."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikajilaza chini, baina ya cherehani na ukuta, nikafumba macho. (Musiniulize nilifikiri nini. Sikufikiri.)

Mlango ukafunguka. Nyayo zikasita.

"Ee," akasema Bi Riziki. "Kumbe wameshamtengeneza."

Akasogea, akainama. Nikabana pumzi.

"Na nani kamtengeneza vibaya namna hii? Mishono! Tangu lini sanda ikashonwa kwa cherehani?" Akakamata bega la kanzu kwa mikono miwili, tayari kuchana.

Wenzangu, ningenyamaza. Naapa ningenyamaza. Lakini bega lile nimelifumua na kulishona tena sijui mara ngapi mpaka likakaa sawa.

"Usichane, Bi Riziki," nikasema. "Nifumue taratibu."

Sijapata kuona mtu mzima akitoka chumbani kinyumenyume kwa kasi ile. Alitoka na pazia. Nami nikainuka nimfuate nimueleze, na miguu imebanwa, kwa hiyo nikamfuata kwa kuruka. Ukumbini, ruka. Kizingitini, ruka. Nikatokea uani na uso wangu wa unga, mikono haionekani, nikapiga kelele, "Jamani ni miye!"

Uwanja ulihama. Mikeka, viatu, birika la kahawa, vyote vimelala. Mwanamke mmoja anayetembea kwa mkongojo nilimwona anavuka ua wa makuti, mkongojo kauacha.

Na hapo ndipo wanaume wanaingia na jeneza kutoka msikitini, mbele yao Ami Hamad, macho yamemvimba. Wenziwe waliniona wakatua jeneza, wakapotea. Ami hakukimbia. Akapiga magoti mchangani, mbele yangu mimi, akalia kwa sauti. Ami Hamad! Alipofariki baba hakutoa chozi.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilikuwa nije. Kila siku nasema kesho nitakuja."

Nikataka kumwambia ni mimi, nikapaliwa. Nilikuwa na unga mdomoni.

"Simama, Hamad," ikatoka sauti nyuma yangu. "Huyo Salma. Miye niko huku."

Bibi alikuwa mkekani vilevile. Mkono mmoja kashika upindo wa kanga ya Bi Subira, na Bi Subira anajivuta akimbie na hawezi. "Na weye kaa," akamwambia. "Tumalize habari ya sufuria. Si ulikuja kuichukua mwenyewe, ukaniachia mfuniko?"

Bi Subira akasema ndiyo, ni kweli, mfuniko. Angesema ndiyo kwa lolote.

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwanza vichwa, kisha wao. Mzee Khatib akaletwa. "Si ulisema kapumzika?" akaniuliza.

"Kapumzika, yaani kalala!"

"Ndiyo. Na mimi nikafahamu kalala, moja kwa moja," akasema, kofia mkononi.

Ami alipofahamu mambo yote, chozi likakauka, uso ukabadilika. Akanyoosha kidole chumba cha uani. "Cherehani itoke. Leo hii."

Nilisimama pale kama nilivyoshonwa. Nilitaka kulia lakini ningefuta machozi kwa nini? Kichwani nikaona mteja mmoja mmoja anakwenda zake, na mimi na cherehani yangu njiani.

"Haitoki," akasema Bibi.

"Mama, umeona alivyotufanyia?"

"Nimeona. Wiki nzima nangoja uje unitazame, Hamad. Leo ndo umekuja, na jeneza."

Ami akalitazama jeneza.

"Si mmekuja kunizika?" Bibi akaendelea. "Basi wosia wangu ndo huo. Cherehani haitoki. Na weye uje kila Ijumaa, mikono mitupu."

Ami akavua viatu, akakaa mkekani pembeni yake.

Mize akarudi baadaye, mdomo umejaa mandazi, akanifumua palepale uani mbele ya mtaa mzima uliokuja kuzika. Bi Riziki aliangalia kwa mbali, nje ya ua. Kuingia alikataa. Bega lilichanika, kama munataka kujua.

Walipoondoka wote, Bibi akaniita chumbani kwake. Kashika bafta iliyobaki, anaipapasa kwa vidole.

"Bafta nzuri hii," akasema. "Kaiweke kabatini kwangu, na hizo karafuu maiti. Siku yangu ikifika, usende tena kwa Khatib. Watu hawatokuamini."

Nikacheka. Kisha kicheko kikageuka, nikamlalia mapajani nikalia mpaka akanambia basi, kwa leo kashaliliwa vya kutosha.

Nimeiweka. Jumamosi, siku ya mchezo, Wanyamavu wangu watavaa magunia, na vifungo watakuwa navyo, mbele na nyuma. Nakuombeni musicheke. Na wanaotaka kuuliza habari za Bibi: amelala. Amelala, jamani. Anakoroma.