Kiti cha Mti wa Loliondo na Magoti ya Piusi Tluway

Enyi wakazi wa Rhotia na Karatu, nanyi mnaoteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro na punda wenu, tueni mizigo, nyamazisheni redio, mnitegee masikio. Nitawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na tano, vita ambavyo hakuna gazeti lililoviandika wala baragumu lililovitangaza, baina yangu mimi, Piusi mwana wa Tluway, mvunja miamba, msimamizi wa kikosi cha barabara kwa miaka ishirini na minane, na maadui wawili waliojificha ndani ya suruali yangu mwenyewe: goti la kulia na goti la kushoto.

Jueni kwanza nilivyokuwa. Barabara ile ipandayo msituni hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, mimi nilikuwa nikiilinda, na wanaume arobaini wenye sururu walikuwa chini ya sauti yangu. Nilipopaza sauti, hata nyani waliondoka njiani bila kuambiwa mara ya pili. Habari hizo nilimsimulia mke wangu Marsela kila jioni baada ya kustaafu, naye kila jioni aliniuliza kama nimefunga banda la kuku.

Basi mwezi wa nne wa mwaka ule, asubuhi ya mvua, nilitoka jikoni nikielekea nyumba kubwa, hatua kumi na tano tu, mkononi nimeshika kikombe cha uji. Tope likanipokea. Nikaanguka taratibu, kwa heshima, kama ukuta wa udongo uliochoka. Sikuvunjika kitu. Nikaiamuru miguu yangu isimame, kwa sauti ile ile ya barabarani. Haikutii. Nikaamuru tena. Kuku mmoja akasogea, akanitazama, akaenda zake. Nikalala pale nikiangalia mvua inavyojaza kikombe changu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiogopa ardhi, mimi niliyeichimba tangu ujana.

Marsela alikuja na majirani wawili, wote wanawake, wakaninyanyua kama gunia la mbegu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, ningepona mapema zaidi.

Habari ikamfikia binti yetu wa pekee, Cresensia, muuguzi huko Moshi. Wiki haikuisha akashuka kwenye basi, akaniketisha, akanibonyezabonyeza mapaja kama mtu anayenunua viazi.

"Baba, mfupa ni mzima. Miguu imelegea kwa kukaa. Tangu ustaafu unakaa tu."

"Sikai tu, mwanangu," nikanena. "Natafakari."

"Sasa utatafakari ukisimama. Kila siku fanya zoezi la kuketi na kusimama, asubuhi na jioni. Tafuta kifaa cha kukusaidia, lakini ukichague kwa akili. Kisiteleze. Kisitembee. Kisizidi nguvu zako. Na ukishakiingia uweze kutoka mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Nitarudi baada ya mavuno ya maharage. Nikikuta huwezi kusimama mara kumi bila kushikwa na mtu, nawachukua wote wawili Moshi. Chumba nimeshakiandaa. Mama hana nguvu za kukuokota mvuani, baba."

Sina ugomvi na Moshi. Lakini huko ningekuwa baba yake nesi, mzee anayeketi barazani. Hapa kila lori linalopita linapita juu ya kazi yangu. Marsela mchana ule alikwenda kwenye shamba lake la maharage akasimama katikati yake, bila jembe, mpaka manyunyu yakamrudisha ndani.

Nikaapa kupigana. Lakini hebu tazameni akili ya shujaa wenu: basi la Cresensia halijapotea kwenye kona, yale masharti manne yote yalikuwa yameshanitoka kichwani. Nilibaki na neno moja tu, kifaa, nalo likanguruma ndani yangu kama ngoma.

Silaha yangu ya kwanza ilikuwa springi ya lori, bapa la chuma lililoachwa nyuma ya kambi yetu ya zamani ya barabara. Nilimwomba mwenye mkokoteni aniletee. Nikasimama uani mbele ya chuma kile, nikavua koti, nikatangaza, "Leo utanitambua!" Nikainama, nikavuta. Kitu kikalia ka! katikati ya mgongo, nami nikabaki nimeinama vilevile kama ndoano.

Marsela alitoka jikoni, akanizunguka mara moja.

"Baba Cresensia, mtoto alisema miguu."

"Ndiyo."

"Mbona umeupa mgongo kazi?"

Nikaendelea kutazama chini, kwa kuwa sikuwa na namna ya kutazama kwingine. Nilikaa siku nne nikikandwa kwa maji ya moto, na ile springi Marsela akaifanya kizuizi cha mlango wa banda la mbuzi.

Silaha ya pili ilikuwa kiti cha ofisini, chenye vigurudumu vitano na mhimili unaozunguka, alichoniazima mtu mwema ambaye sitamtaja. Oh, jinsi kilivyong'aa! Nilikikalia kama jumbe. Nikaweka mikono, nikajisukuma kusimama, na kiti kile, ambacho nilikidhania mtumishi wangu, kikakimbia kinyumenyume hadi ukutani na kuniacha nimekalia hewa. Ashukuriwe Mungu aliyeweka gunia la pumba mahali pale. Kiti kikarudishwa siku ileile, na tukaambizana kwamba hakukutokea lolote.

Hapo wiki tatu zilikuwa zimeteketea, maharage ya Marsela yamefunga maua, nami sijasimama hata mara moja kwa haki.

Siku ya mnada nikateremka Karatu, na huko nikaiona silaha ya tatu, mama wa silaha zote. Alikuwapo mnoa visu aliyeifunga baiskeli yake kwenye stendi ya chuma, tairi la nyuma liko juu. Yeye hukaa kwenye tandiko akikanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Nikasema moyoni: pedeli ni miguu, na baiskeli isiyokwenda popote haiwezi kuniangusha. Nikamsihi anipishe kidogo. Watu wawili wakanipandisha. Nami nikakanyaga! Jiwe likavuma, cheche zikaruka kama nyota, wenye mapanga wakapanga mstari, na kwa muda wa dakika tano hivi nilikuwa kijana tena, nikipanda ukingo wa Kreta.

Kisha nikataka kushuka.

Mguu wa kulia ukakataa kupita juu ya tandiko. Wa kushoto, ulioachwa peke yake chini, ukaanza kutetemeka. Mnoa visu akaniomba nishuke, wateja wakaniomba nishuke, mwanamke mmoja mwenye panga la kukatia majani ya ng'ombe akaniomba kwa sauti isiyopendeza. Nami nimekaa juu kama sanamu, nikitabasamu, jasho likinitiririka hadi kiunoni.

Ndipo watu wakapisha njia, akaja mtu mrefu aliyejifunga shuka nyekundu rubega, amevaa katambuga na mkononi ana fimbo. Alikuwa Sironka, mfugaji wa Ngorongoro, rafiki yangu tangu zamani, ambaye ng'ombe wake walivuka barabara yangu miaka yote ile, nami nikisimamisha malori wapite. Akanikumbatia kiunoni akanishusha kama mtu anayemtoa ndama matopeni.

"Rafiki," akasema, "ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikamweleza yote pale kwenye vumbi: kikombe cha uji, Moshi, springi, kiti kilichokimbia. Nilitarajia acheke. Akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mimi pia," akasema. "Tukikutana wazee kule nyumbani, tunakaa chini kwenye majani. Maneno yakiisha wenzangu wanainuka. Mimi nabaki. Nasema naangalia mbuzi wangu. Wakishanipa mgongo, napanda fimbo hii polepole kama mtu anayepanda mti. Mwaka wa pili huu. Mke wangu tu ndiye anajua."

"Pole sana."

"Sasa huyo binti yako, alisema kifaa kiweje?"

Nikakuna kichwa. Na pale, mbele ya aibu ya mwenzangu, yale masharti yakarudi moja baada ya jingine. Kisiteleze. Kisitembee. Kisizidi nguvu zako. Uweze kutoka mwenyewe.

"Hayo ni maneno ya mtu anayechagua ng'ombe wa maziwa," akasema Sironka. "Twende."

Tukaingia kwa Thomasi, fundi seremala mwenye karakana karibu na mnada. Thomasi akatuonyesha mali zake kwa fahari. Akatoa kwanza kiti cha kukunja. Sironka akakisukuma kwa kidole kimoja nacho kikajifunga kwa kishindo. "Huyu anauma," akasema, akakisogeza kando. Thomasi akatoa kigoda cha miguu mitatu. Nikaketi, magoti yakanifikia kidevuni, na ikabidi wanivute wawili. Akatoa kiti cha uvivu chenye godoro nene. Nikazama ndani yake nikatamani kulala, ikabidi wanivute tena.

"Mzee Piusi," akasema Thomasi akihema, "kwani unataka kiti cha kukalia au cha kuinukia?"

Wanahistoria, andikeni swali hilo kwa wino mzito. Wiki zangu zote za vita, na hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

"Cha kuinukia," nikasema.

Basi kule nyuma, chini ya mbao, kulikuwa na kiti cha mti wa loliondo, kizito, kisicho na urembo, kina miguu minne iliyonyooka na mikono miwili mipana. Sironka akakizunguka. Akakishika mgongoni akakitikisa. Akainua mguu mmoja mmoja akautazama chini. Akakikalia kwa nguvu ghafla, kisha upande mmoja, kisha mwingine. Hakikulia wala hakikuyumba. Akanisimamisha ukutani, akapima kwa fimbo toka chini hadi nyuma ya goti langu, akakipima na kiti: kilipungua vidole viwili.

"Kiongeze hapa," akamwambia Thomasi.

"Nitakiongeza, na miguuni nitakipiga soli za bati zing'ae, na juu nitakipaka vanishi..."

"Hapana!" tukasema wote wawili, kwa sauti ambayo nyani wangeikumbuka.

"Bati litateleza kwenye saruji," nikaeleza. "Weka kitu cha kushika."

Sironka akavua katambuga yake moja, ile ya tairi la gari, iliyolika kisigino. Akaomba kisu, akaikata vipande vinne pale pale, akampa Thomasi avipigilie misumari chini ya miguu ya kiti. Akarudi kwao na kiatu kimoja. Nilipomshukuru, alisema atakuja mnada ujao kununua kiti chake mwenyewe, wa kucheka huko kwao na wacheke, wakishamaliza watataka kukijaribu.

Kiti changu kilifika Rhotia juu ya lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimeshika fimbo yangu ya kutembelea kama mfalme anayerudi na ngawira, nikinuka vitunguu. Marsela akakipokea bila shangwe. Akakisukuma, akamwaga maji kidogo sakafuni akakisukuma tena, akakikalia.

"Hiki sawa," akasema. "Tukiegemeze ukutani."

Siku ya kwanza nilisimama mara moja, kwa kusukuma mikono yote miwili na kuwataja watakatifu. Wiki ya pili, mara tatu. Maharage yalipokauka, sita. Siku ya kung'oa maharage nilisimama mara tisa, goti la kushoto likaomba amani, nikalinyima. Kila asubuhi nilihesabu kwa sauti ya msimamizi, halafu nikatoka uani kusikiliza taarifa ya habari, nikijiona ndiye mtu pekee anayepigana katika wilaya nzima.

Cresensia akarudi mwezi wa saba, na begi tupu la kupakia nguo zetu. Nikamketisha. Nikasimama mbele ya kiti, nikaweka mkono kifuani.

"Ewe binti wa mvunja miamba," nikaanza, "tangu siku ile ulipotuacha, baba yako amepita katika chuma na magurudumu na cheche..."

"Baba, acha hotuba. Simama mara kumi."

Nikaketi. Nikasimama. Moja. Mbili. Kufikia ya tano nilikuwa nimekunja mikono kifuani, sishiki kitu. Ya saba ilikuwa nzito. Ya nane nilisikia mapaja yakiungua. Ya tisa nilitikisika kidogo, Cresensia akainuka nusu anishike, nikamtazama, akarudi akaketi. Ya kumi nikasimama, nikabaki nimesimama.

Cresensia akasogea. Alipiga magoti akanibonyeza mapaja tena, safari hii muda mrefu, uso wake ameuinamisha nisiuone. Kisha akajipangusa, akageuka.

"Na wewe, mama? Wewe miguu yako ikoje?"

Nikacheka kwa huruma, nikataka kueleza kwamba mama hakupata nafasi ya mafunzo. Marsela akafunga kanga kiunoni, akanisogeza kando, akaketi kwenye kiti changu, akasimama. Mikono haikugusa kitu, mmoja ulikuwa umeshika mwiko. Akaketi, akasimama. Alipofika kumi hakuhema. Akaongeza mbili.

"Ulianza lini?" nikauliza, sauti yangu ikiwa ndogo mno kuvusha hata kifaranga barabarani.

"Siku kilipokuja. Ukienda kwenye taarifa yako ya habari mimi nafanya. Ulidhani nakwenda Moshi?"

Cresensia aliondoka kesho yake, begi lake limejaa maharage. Basi waandike wenye kalamu, na wasio nayo wakariri: kwamba mwaka wa themanini na tano, katika kijiji cha Rhotia, mbele ya muuguzi kutoka Moshi aliyehesabu kwa macho yake, Piusi Tluway alisimama mara kumi bila kushikwa na mtu, na kwamba Marsela, mkewe, alisimama mara kumi na mbili, kisha akaenda kuepua wali.