Supu Yangu Iliyeyuka Kwenye Foleni Yenu

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Abiria,
Uwanja wa Ndege.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUTUPWA KWA SUPU ILIYOINGIA UWANJANI IKIWA JIWE

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na wote walio chini yako, isipokuwa mmoja ambaye nitamfikia katika kifungu cha nne. Mimi ni mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Kwa miaka thelathini na mmoja nimelisha wanafunzi mia nne kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuharisha kwa mkono wangu. Wenyewe waliniita Mama Upawa, na jina hilo nililipokea kwa mikono miwili, mmoja ukiwa na upawa wenyewe.

Hii ni barua yangu ya kwanza ya malalamiko. Mume wangu aliposikia nataka kuiandika aliniambia kwa simu niyaache yapite. Yeye ni fundi wa kujalidi vitabu, mtu mpole, anaweza kukaa siku nzima akingoja gundi ikauke. Mimi si gundi.

Nianze na chanzo. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, anaishi ng'ambo, mwendo wa saa sita kwa ndege. Mwezi uliopita alipasuliwa tumbo. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini baada yake akagoma kula. Si kwamba alishindwa, alisusa, kama alivyokuwa akisusa utotoni. Wifi yangu alipika hata akachoka, na daktari akasema kwamba wiki hii ikiisha hajatia kitu tumboni, atarudishwa wodini alishwe kwa mpira. Ndipo mdogo wangu aliponipigia simu, sauti imekuwa nyembamba, akasema, "Dada, mimi labda supu yako tu."

Ndugu Mkuu, mama yetu alipofariki mtoto huyu alikuwa na miaka tisa, na nilimlea kwa supu hiyo ya mifupa. Nilipokata simu nililia. Kisha nikafuta machozi nikaenda buchani.

Usidhani mimi ni mtu wa kuvunja sheria. Tangazo lenu nililisoma mara tatu, nikaelewa kwamba majimaji hayaruhusiwi kuzidi mililita mia moja. Mililita mia moja za supu hazimshibishi hata paka mwenye adabu. Basi nikapiga simu ofisini kwenu, na sauti ya kiume ikaniambia kwamba kitu kilichoganda kabisa, ukikigonga kikalia ko, kinapita. Niliiandika kauli hiyo nyuma ya kalenda, pamoja na saa aliyoitamka.

Nikagandisha. Friza letu ni lile la kulala, ambalo mfuniko wake uliachana na bawaba zamani, siku hizi tunaufunika tu kama sufuria. Tunaligawana nusu kwa nusu: upande wa kulia ni wangu, wa nyama na supu, na wa kushoto ni wa mume wangu, anayeweka humo gundi yake ya unga isichache. Kila kitu kimo katika makopo ya aiskrimu, maana nyumbani kwetu, kama nyumbani kwenu, kopo la aiskrimu halijawahi kukutwa na aiskrimu. Hatuandiki kitu juu yake kwa sababu kila mtu anajua upande wake. Siku moja kabla ya safari nililitoa friza ukutani, nikatoa vyote, nikalisugua, nikavirudisha nikiwa nimesimama upande ule wa ukutani, kisha nikalisukuma mahali pake. Nayataja haya ili ujue unashughulika na mtu safi. Asubuhi ya safari nilichukua kopo langu upande wa kulia, nikalizungushia utepe wa kunata mara nne, nikalifunga kwa taulo. Nililigonga. Likalia ko.

Sasa malalamiko yangu.

1. Foleni. Niliingia kwenye foleni yenu saa mbili kasoro robo asubuhi nikiwa na jiwe. Ninaye shahidi, fundi miwani mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye naye aligonga kwa kidole akakiri kwamba ni jiwe. Mashine zilikuwa tatu, ikifanya kazi moja, na kwenye zile mbili maafisa wenu walikuwa wakionyeshana picha za harusi ya mtu. Nilifika mbele saa nne kasoro dakika tano. Jiwe lilikuwa limeanza kucheza ndani ya kopo. Mimi najua kwamba haraka haraka haina baraka, lakini katika foleni yenu sikuiona haraka wala baraka. Kwa hiyo majimaji mliyonikamata nayo hayakuwa yangu. Mimi nilileta jiwe, foleni yenu ikalipika. Kisheria, supu ile ni ya foleni, na foleni ni yenu, hivyo aliyestahili kukamatwa ni wewe.

2. Pua yangu. Siku hiyo nilikuwa na mafua makali, siwezi kunusa hata kitunguu kinachoungua. Tangu nyumbani hadi kwenye mashine pua yangu ilitiririka bila kukoma, nikamaliza pakiti mbili za karatasi laini. Nimepiga hesabu za kijikoni na nina hakika nilivuka na zaidi ya mililita mia moja, zikiwa hazimo kwenye chupa, hazina kifuniko wala mfuko wa plastiki unaoonyesha. Hakuna aliyeniuliza. Kama kweli mnaogopa majimaji, yale ndiyo ya kuogopwa.

3. Mashine. Walifuta kopo langu kwa kijitambaa, wakakiingiza kwenye mashine ndogo, mashine ikapiga kelele. Wakafuta tena, ikapiga tena. Ndugu Mkuu, mashine isiyo na ulimi haina haki ya kutoa maoni kuhusu mapishi ya mtu. Abiria wote waligeuka kunitazama, na mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama mimi ndiye mwizi.

4. Afisa mwenye miwani ya kamba shingoni. Huyu ni mama mtu mzima, rika langu, ndiyo maana iliniuma zaidi. Alikata ule utepe, akafungua kopo, akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mama, hiki ni chakula?" Nilimweleza kwa utulivu kwamba ule weupe juu ni mafuta ya uboho, ambayo hupanda na kuganda kwenye supu bora, na kwamba asiyekijua kitu hawezi kukithamini. Nikatoa kijiko mkobani, nikakifuta, nikampa aonje. Alikataa. Akasema hawaruhusiwi kula vitu vya abiria, na kwamba hata wangeruhusiwa, yeye hapana. Miaka thelathini na mmoja, Ndugu Mkuu! Mkaguzi wa elimu aliwahi kulamba sahani yangu mbele ya bodi nzima ya shule.

5. Tumbo. Hapo nikatumia akili. Mwalimu wa sayansi pale shuleni alikuwa akisema kwamba zaidi ya nusu ya mtu ni maji. Mimi nina kilo tisini na moja. Yaani asubuhi ile lita hamsini za majimaji zilivua viatu, zikapita chini ya mlango wenu, zikaambiwa "asante, vaa viatu". Ikiwa kilichomo ndani ya mtu hakihesabiwi, nikamwambia yule mama, basi nitainywa supu yote hapa hapa niivushe tumboni, na nikifika nitajua la kufanya. Nilikwishainua kopo. Lilikuwa limeshagusa mdomo wa chini. Yule mama akaninyang'anya! Akasema, "Kwa harufu hii usithubutu, mama, utajiua," akaitupa yote kwenye pipa. Nimenyang'anywa vitu vingi maishani, lakini sijapata kunyang'anywa chakula mdomoni na mtu mwenye kitambulisho cha serikali.

6. Inzi. Nilibaki nimesimama pale kwa uchungu, na nilichokiona nitakisema popote nitakapoitwa. Inzi mmoja alitua kwenye tone lililobaki ukingoni mwa pipa. Akaonja. Akatembea hatua mbili, akalala chali, akatulia kabisa. Huko ndiko kushiba, Ndugu Mkuu. Kiumbe mdogo asiye na mshahara aliitambua supu yangu pale ambapo idara nzima ilishindwa.

7. Mdogo wangu. Nilifika kwake mikono mitupu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto, akautazama mkoba wangu mara moja tu, akageukia ukuta. Nimepika supu nyingine hapa, kwa mifupa ya hapa na sufuria ya wifi, naye akaonja ncha ya kijiko akasema inafanana ila siyo. Leo ni siku ya tatu. Daktari anakuja kesho asubuhi na ule mpira wake, na mimi nimekaa kando ya kitanda nikiandika barua hii kwa kuwa sijui nifanye nini kingine. Nakuomba ulisome hili la saba peke yake, hata kama hayo mengine utayacheka.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Foleni yenu isajiliwe rasmi kama jiko, iwekewe mpishi na kengele ya moto. Abiria wote wapimwe majimaji ya mwilini, na anayezidi mililita mia moja apitishwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, uliofungwa juu, tukianza na wewe mwenyewe utakaposafiri kikazi. Yule mama mwenye miwani aondolewe kwenye chakula cha watu apelekwe kupima masanduku, ambayo hayana harufu ya kumkera. Na siku nitakaporudi, nitakuja na sufuria nzima iliyopikwa kama ile ile, kwa mkono ule ule, na maafisa wote wa zamu wapange foleni, kila mmoja anywe bakuli moja akiwa amesimama, mbele ya mashahidi. Nawe uanze, kwa kuwa ndiwe mkubwa wao.

Nisalimie maafisa wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni, yule wa kiume aliyepokea simu, wafagiaji, na maharusi wa kwenye zile picha. Fundi miwani ukimwona mwambie bado namtegemea.

Wako katika kudai haki,

Mama Upawa,
mpishi mstaafu, dada wa mgonjwa.

Nakala: Mume wangu, ili ajue kwamba sikuyaacha yapite.

Tanbihi, kabla sijaifunga bahasha:

Ndugu Mkuu, tafadhali kaa chini.

Mume wangu amepiga simu sasa hivi. Alikuwa na shida ya kikazi. Anasema tangu juzi anajalidi madaftari ya mahudhurio ya shule na majalada hayashiki. Ametoa gundi yake frizani, upande wa kushoto, ameipaka kwenye vitabu kumi na saba, na kila anachokibandika kinateleza. Yeye pua yake ilikufa kwa gundi miaka mingi iliyopita, kwa hiyo hakujua kwa nini paka wa mtaa mzima wamejaa karakanani wakilamba madaftari, wala kwa nini mteja aliyekuja kuchukua kazi yake ameuliza kama chakula kinauzwa.

Nilijiona nimesimama upande wa ukutani nikirudisha makopo frizani, kulia kwangu kukiwa kushoto kwetu. Nikamuuliza taratibu, baba, ile gundi yako huwa unaitia nini? Akasema unga, maji, na dawa ya mende, kifuniko kizima, wadudu wasile vitabu.

Naondoa malalamiko namba moja hadi sita. Inzi yule, Mungu amlaze pema. Mashine ipewe cheti. Foleni iendelee kuwa ndefu vile vile, maana kama ingekuwa fupi nisingefika na kitu cha kufunguliwa, ningevuka na jiwe langu, nikaliyeyusha hapa, nikamlisha mdogo wangu kijiko kwa kijiko huku nikimbembeleza ameze.

Nilimsimulia mgonjwa yote, tangu kulia na kushoto hadi paka. Akaanza kucheka. Alicheka akishika mshono kwa mikono miwili, akaniomba ninyamaze, nikashindwa, wifi akaja mbio akidhani mtu amekata roho, akakuta tunalia sote wawili. Alipotulia aliomba ile supu ya sufuria ya wifi, ile inayofanana ila siyo. Alisema walau hii haibandiki utumbo.

Yule mama mwenye miwani asihamishwe popote. Mwambie nilimwonea. Mwambie mdogo wangu amekula vijiko sita, na kwamba amevila akiwa hai.