Shahidi Wangu Ni Mashine ya Kahawa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mashine ya kahawa imegoma. Tuseme imegoma nusu. Inakoroma, inatoa tone, inapumzika, inakoroma tena. Kikombe kimoja, dakika arobaini! Mzee Mwinjuma alikuwa kibarazani kwangu muda wote huo. Hakulalamika. Alisema tu kwamba birika lake la mkaa lingekuwa limeshachemka mara tatu. Huyo ndiye mpinzani wangu.

Jumamosi watumia maji wa hapa Segera wanachagua mwenyekiti wa kamati. Ni mimi au yeye. Miaka tisa nimekuwa katibu. Naandika maneno ya wengine, kisha nasaini upande wa kulia. Nataka upande wa kushoto, palipoandikwa Mwenyekiti. Nataka sana. Hata Grasiana, mke wangu, hajui ni sana kiasi gani.

Hoja yangu ni moja: maji ya kisima chetu hayana chumvi. Watu wanalalamika sufuria zinaota weupe. Nimewajibu hadharani kwamba kosa ni la sufuria. Ushahidi ninao: mashine aliyoniletea binti yangu Angel wakati wa Pasaka. Karibu miezi minne inakunywa maji ya kisima matupu na kutoa kahawa safi. Nusu ya wapiga kura wameionja.

Jioni nilifungua mfuniko. Ndani kweupe kama ukoko wa ugali. Nikafunga mfuniko.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Angel. Anasema ni chumvi ya maji, imeganda kwenye mirija. Niweke siki na maji nusu kwa nusu, niiwashe, niiache nusu saa, halafu nipitishe maji matupu mara mbili. Na kuanzia sasa nitumie maji ya mvua. Nimemwambia ni vumbi la Dar, imekuja nalo. Mtoto akaulizia hali ya mama yake.

Siki siwezi kununua hapa. Duka ni la Hafsa, na Hafsa akimuuzia mtu kiberiti, mtaa mzima unajua nani anapika nini. Mgombea anayesema maji hayana chumvi hawezi kuonekana na chupa ya siki.

Nimefikiri mwenyewe. Ni nini hulainisha kitu kigumu? Magadi! Maharage magumu, makande ya mahindi makavu, yote hulainishwa na magadi. Nimechukua kopo zima jikoni, nikakoroga, nikamimina, nikawasha. Yametoka maji ya kahawia yenye povu. Nimefurahi. Uchafu unatoka.

Maharage ya leo yamechemka tangu mchana hadi jioni na bado yanagonga sahani. Grasiana anatafuta kopo lake. Nami nimemsaidia kutafuta.

Jumatano, 13 Agosti

Mashine sasa haikoromi. Haifanyi chochote. Taa nyekundu tu, inapepesa.

Grasiana amelipata kopo, tupu, nyuma ya mashine. Amefungua mfuniko, akachungulia, akaniuliza kama nimetibu chumvi kwa kuongeza chumvi. Amesema magadi hulainisha maharage, hayali mawe. Nimemwambia hilo ni suala la kitaalamu. Ameondoka akicheka. Mimi sikucheka. Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda Korogwe. Nyumbani nimeaga kwamba nakwenda kupima macho. Nimenunua chupa nne za siki, nikazifunga kwenye gazeti.

Stendi nimekutana na nani? Mwinjuma, anatoka kumwona dada yake Mnyuzi. Tukakaa kiti kimoja. Chupa ziligongana njia nzima. Akauliza kwa upole ni nini. Nikasema siki, kwa sababu gazeti lilikuwa limeshalowa na kunuka. Nikaongeza upesi kwamba Grasiana anatengeneza achari ya maembe. Akasema anaipenda sana achari. Kisha akasema Agosti hii yeye hajaona embe popote. Nikatazama nje mpaka Segera.

Ijumaa, 15 Agosti

Ushindi! Nilimimina siki tupu, bila maji. Nusu kwa nusu ni ya watu wasio na haraka. Ikakaa saa nzima. Nikawasha. Ikakohoa, ikatapika maji meupe kama maziwa, kisha magamba meupe, makubwa, ya kutosha kujaza kiganja. Baada ya chupa ya nne inatiririka upesi kuliko siku ilipofika. Harufu ilijaza nyumba, ikavuka hadi kwa jirani. Jirani akauliza kama kuna mgonjwa.

Suala la kupitisha maji matupu mara mbili nimelitafakari. Maji yaliyopo ni ya kisima. Nikiyapitisha, si nitarudisha chumvi ndani? Nimeiacha ilivyo. Kuna siki kidogo imebaki ndani ya tangi la mashine. Inalinda.

Jumamosi, 16 Agosti

Watu thelathini kibarazani na uani. Niliongea vizuri. Nilisema wanadamu husema kila kitu, lakini mashine haina ndugu wala chama. Nikachota maji ya kisima mbele yao, nikamimina, nikabonyeza. Kahawa ikashuka bila kukoroma. Watu wakapiga makofi. Nilijiona upande wa kushoto wa karatasi.

Kikombe cha kwanza nilimpa Bibi Mwaija, mkubwa wetu sote, kwa mikono miwili na shikamoo. Akanywa funda moja. Akakishusha kikombe. Akanitazama bila hasira.

"Mwanangu Ponsiano," akasema, "chumvi sijaionja. Nimeonja siki."

Kikombe kikapita mkono hadi mkono. Kila aliyeonja alikubaliana na Bibi. Hafsa akauliza siki hiyo nimenunua wapi, maana si kwake. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Ndipo Mwinjuma akasimama. Hakunicheka. Alisema birika lake analiosha kwa siki kila mwezi, na wenye kufanya hivyo wanyooshe mikono. Mikono yote ilikwenda juu, na wa Grasiana. Mke wangu! Miaka yote ameosha birika letu kwa siki na hakuwahi kuniambia. Baadaye alisema sikuwahi kuuliza.

Kura: Mwinjuma ishirini na nane, mimi mbili. Moja yangu, moja ya Ukasha, aliyechelewa kufika, akanyoosha mkono akidhani anaulizwa kama anataka kahawa.

Muhtasari ulitakiwa, na katibu ni mimi. Nikaandika yote, kura kwa kura, kwa mwandiko mzuri. Nikasaini kulia. Iliniuma. Mwinjuma alisaini kushoto, polepole, akaniuliza jina lake la pili linakaa wapi.

Jumatatu, 18 Agosti

Mwenyekiti amepita asubuhi na dumu la maji ya mvua kutoka tangi lake. Amesema ni ya mashine yangu, na yakiisha nimwambie. Nimemshukuru. Ni mtu mwema, na hilo linafanya kazi yangu iwe ngumu zaidi.

Alipoondoka nikaimwagia mipapai maji hayo.

Nimekaa, nimepima mambo kwa utulivu. Magamba yale meupe yalikuwa nini? Magadi, bila shaka. Niliyaweka mwenyewe Jumanne. Na ladha ilikuwa ya siki, Bibi Mwaija amekiri mbele ya mkutano. Maji yenyewe hayajakutwa na kosa lolote. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Mashine imetakata, na ushahidi wa miaka mitatu hakuna wa kuubishia.

Nimeijaza maji ya kisima mpaka juu. Kikombe cha kwanza kimetoka upesi. Cha pili kimechelewa kidogo. Nadhani ni umeme.