Theluji ya Igunga

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo nimeingia duniani! Kundi la mtandaoni la wafuga nyuki wa dunia nzima. Wanaongea Kiingereza, simu inanitafsiria. Kumbe dunia yenyewe nchi moja! Wote Marekani. Wala hawasemi Marekani, wanasema "hapa kwetu", uelewe mwenyewe. Yupo Mwingereza mmoja, Kiingereza ni lugha ya babu yake, lakini anaomba radhi kabla hajaongea.

Nimemtambia Mabruki kijiweni kwenye kahawa: Jumapili kundi linachagua picha ya mzinga bora, itakuwa yangu. Kacheka mpaka kahawa imemtoka puani. Mimi na yeye rika moja, wote wafuga nyuki, miaka yote tunabishana nani mkubwa. Tumewekeana dau: atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo, mbele ya kijiwe kizima!

Jumanne, 13 Januari

Nimeweka picha ya mzinga wangu wa gogo, ule wa nyuma ya nyumba. Wakauliza niko jimbo gani. Nikasema Tabora. Mmoja akasema jimbo hilo hajafika, ila shemeji yake aliwahi kupita na lori. Shemeji mwongo! Nimempenda. Mwingine akauliza ni upande gani. Nikamwambia ukishapita kijiji cha Kigwa, nyoosha tu. Kashukuru.

Jumatano, 14 Januari

Balaa. Mizinga yao yote imefunikwa theluji. Wananiuliza nyuki wangu wanastahimilije baridi. Huku mvua, mahindi ya mke wangu Tekla yamefika kiunoni! Nimejibu nawavalisha sweta. Laiki kibao!

Ijumaa, 16 Januari

Akili imekuja! Kaka yake Tekla alimletea kiroba cha pamba kutoka Igunga, ya kujazia mito. Nimeufunika mzinga wote. Theluji tupu! Nyuki hawakupenda. Jicho la kushoto limevimba, limefumba, la kulia linaona Marekani tupu. Picha nimeirusha. Tekla kauliza pamba yake iko wapi. Nimemwambia imeenda ng'ambo.

Jumapili, 18 Januari

Asubuhi sifa tupu. Mara bibi mmoja kakuza picha, kauliza: huyo mbuzi anakula theluji? Kweli! Mbuzi wa jirani, shavu limejaa, na juu yake papai limeiva. Kundi zima likaangua kicheko.

Kashinda nani? Mabruki! Kumbe alijiunga kimyakimya. Mzinga wake umelowa, kaandika tu: Tabora, Tanzania, huku kwetu mvua. Basi wamemzonga kwa maswali mpaka simu ikapata moto. Walikuwa hawajui Januari inaweza kuwa ya kijani.

Nimetoa shikamoo. Nimeitoa huku nimeuma kikombe, kwa hiyo imehesabika nusu. Yeye akaitika marahabaaa mwanangu, akaivuta mpaka muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara akageuka.

Jumatatu, 19 Januari

Kosa nimeliona! Mbuzi. Ningemfunga mbuzi, leo mimi ndiye mkubwa.

Nimeingia kundi la wafuga kuku. Wameuliza jimbo gani. Nimesema Tabora, muulizeni yule shemeji mwenye lori. Jogoo nimeshamfunga mguu, ananitukana.

Pamba ipo, nusu kiroba.